Kiasi Katika Siasa: Habari za Jaji Joseph Sinde Warioba, Mwana wa Mara

Mtume Paulo alipowaandikia Wagalatia kuhusu tunda la Roho, alianza na upendo akamaliza na kiasi. Upendo tunauhubiri karibu kila ibada. Kiasi tunakitaja tunapofika kwenye habari za pombe, kisha tunakiacha hapo hapo mezani pamoja na chupa. Ni nadra kusikia mahubiri juu ya kiasi cha ulimi, cha hasira, au cha madaraka.

Hapa kwetu Nyarero neno hili lina shida nyingine tena. Mtu wa kiasi huonekana mwoga. Ukitokea ugomvi wa mpaka wa shamba, au ng'ombe wamepotea na nyayo zimeonekana zikielekea upande fulani, yule anayesimama na kusema tusikilize kwanza upande wa pili huulizwa yeye ni wa ukoo gani. Wilaya yetu ya Tarime imezika vijana wengi katika mapigano ya koo, na mara nyingi alikuwapo mzee mmoja au wawili waliosema tungoje, wakazomewa. Sisi wenyewe, kanisani, tunamsifu zaidi mwenye sauti kubwa. Tena tunalo andiko la kujitetea nalo: barua ile ya Ufunuo kwa kanisa la Laodikia, ambamo uvuguvugu unakemewa vikali.

Basi tumeona vema kuandika habari za mtu mmoja wa mkoa wetu ambaye maisha yake yote ya kazi aliitwa mtu wa katikati, ili tupime kama kiasi na uvuguvugu ni kitu kimoja. Mtu huyo ni Joseph Sinde Warioba. Habari za imani yake ya moyoni tunaziacha. Hizo ni zake na Mungu wake. Tunaandika kazi iliyoonekana.

Alizaliwa Septemba 1940 upande wa Bunda. Kutoka kwetu unashuka hadi barabara kuu itokayo Sirari, unavuka Mto Mara kwenye Daraja la Kirumi, unapita Makutano, na baada ya hapo si mbali tena. Butiama, kwao Mwalimu Nyerere, ni jirani. Mwaka 1966 alihitimu shahada ya sheria Dar es Salaam, wakati chuo kile kilikuwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Wanasheria wazawa walikuwa wachache mno nchini, na kijana aliyemaliza masomo hayo hakungoja kazi. Alianza kama wakili wa serikali, akawa mwanasheria wa Jiji la Dar es Salaam, kisha akaenda Wizara ya Mambo ya Nje kuongoza kitengo cha sheria. Mwaka 1976 Mwalimu Nyerere akamteua Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Alikuwa na miaka 36.

Tunaomba msomaji auweke mwaka huo moyoni, maana mwaka uliofuata, 1977, TANU na Afro-Shirazi viliungana kuwa Chama Cha Mapinduzi, na Aprili mwaka huo huo ikapitishwa Katiba ya Jamhuri ya Muungano tunayoitumia hadi leo. Mwanasheria Mkuu wa wakati ule alikuwa Warioba. Katiba ambayo miaka 35 baadaye angepewa kazi ya kuikagua ilizaliwa yeye akiwa ofisini.

Wapo wanaomsifu mzee huyu kana kwamba alikuwa mpinzani tangu mwanzo. Sivyo. Alikuwa mtu wa serikali kabisa, na serikali ile ilikuwa na mambo yake. Wazee wetu wanakumbuka vizuri mwaka 1983, mwaka wa msako wa wahujumu uchumi. Sisi tunaokaa karibu na mpaka wa Kenya tuliuona kwa namna ya pekee. Sabuni, mafuta ya kupikia, khanga, betri za redio: bidhaa ambazo maduka ya serikali hayakuwa nazo zilipita njia za panya, na kila aliyekuwa na katoni mbili chini ya kitanda alilala macho wazi. Walikamatwa walanguzi wa kweli na wakakamatwa watu wa kawaida. Sheria maalumu iliyotungwa mwaka huo ilihukumu hata mambo yaliyofanyika kabla haijatungwa, na washtakiwa hawakuruhusiwa kuwa na wakili. Mwaka 1984 ilifutwa na ikatungwa nyingine iliyo na nafuu. Katika miaka hiyo Warioba alikuwa kwanza Mwanasheria Mkuu, kisha kuanzia 1983 Waziri wa Sheria. Mtu wa kiasi anaweza kuwa ndani ya nyumba ambamo kiasi kimetoka kupitia dirishani, na historia yake haisomeki vizuri tukiruka ukurasa huo.

Lakini ukurasa unaofuata nao ni wa kwake. Mwaka huo huo wa 1984, akiwa bado Waziri wa Sheria, Katiba ilifanyiwa mabadiliko makubwa na kwa mara ya kwanza ikaingizwa ndani yake sehemu ya haki za binadamu. Nchi ilikuwa imekaa bila sura hiyo tangu Uhuru, kwa hoja kwamba ingeifunga serikali mikono wakati ina kazi ya kujenga taifa. Hata ilipoingizwa, serikali ilijipa muda wa miaka mitatu kabla wananchi hawajaweza kwenda nayo mahakamani, hivyo ilianza kufanya kazi mwaka 1988, Warioba akiwa Waziri Mkuu.

Msomaji atauliza sura ya Katiba inamsaidia nini mama wa kijijini. Swali hilo lina jibu. Huko Kagera alikuwapo mwanamke aitwaye Holaria Pastory aliyerithi shamba kwa wosia wa baba yake. Alipoliuza, ndugu wa ukoo walimshitaki, kwa kuwa mila iliyoandikwa ilisema mwanamke anaweza kulima ardhi ya ukoo lakini hawezi kuiuza. Kesi ilifika Mahakama Kuu Mwanza, mbele ya Jaji James Mwalusanya, naye mwaka 1990 akaamua kwamba mila hiyo inapingana na haki ya usawa iliyomo katika Katiba. Uamuzi huo ulitegemea maneno yale ya mwaka 1984. Kina mama wa kanisa letu ambao wameachiwa mashamba na baba zao wanajua jambo hili lina uzito gani, hata kama jina la Holaria wanalisikia leo kwa mara ya kwanza.

Novemba 1985 Mwalimu Nyerere aling'atuka urais, Mzee Ali Hassan Mwinyi akaingia, na Warioba akawa Waziri Mkuu na Makamu wa Kwanza wa Rais. Ilikuwa zamu ngumu. Hazina ilikuwa tupu, mwaka 1986 serikali ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na milango ya biashara ikafunguliwa. Bidhaa zilirudi madukani. Shilingi ikashuka thamani. Watu wakaanza kusema ruksa. Waziri Mkuu alikuwa katikati ya wazee wa chama waliolia kwamba Ujamaa unauzwa na wataalamu waliosema hakuna njia nyingine. Hatukumbuki hotuba yake yoyote ya kusisimua kutoka miaka ile, na tunadhani hilo lenyewe linaeleza tabia yake. Alitawala kama mtu anayekagua hesabu. Novemba 1990 nafasi hiyo ikapewa Mzee John Malecela.

Ipo pia kazi aliyoifanya mbali na macho yetu. Kati ya 1983 na 1987 aliongoza Tume ya Umoja wa Mataifa ya kuandaa vyombo vya kusimamia sheria ya bahari, na mwaka 1996 akachaguliwa kuwa mmoja wa majaji wa kwanza wa Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari iliyoko Hamburg, Ujerumani, akakaa hadi 1999. Mtu wa kandokando ya Ziwa Victoria kuamua kesi za bahari kuu! Baadaye alikuwa pia katika majaji wa kwanza wa Mahakama ya Afrika Mashariki kule Arusha. Ndiyo maana watu wengi humwita Jaji.

Mwaka 1995, uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, aligombea ubunge nyumbani Bunda kwa tiketi ya CCM, akatangazwa kushindwa na Stephen Wassira aliyesimama kwa NCCR-Mageuzi. Alikwenda mahakamani, na mahakama ikatengua matokeo. Tunalitaja kwa sababu ya njia aliyoifuata. Waziri Mkuu wa zamani, mtu wa chama tawala, alishindwa na chama kichanga, naye akapeleka malalamiko yake mbele ya hakimu kama raia mwingine yeyote na kungoja. Tarime tumeona chaguzi nyingi ambazo malalamiko yalipelekwa barabarani.

Januari 1996 Rais Benjamin Mkapa, akiwa na miezi michache tu Ikulu, alimkabidhi Warioba tume ya kuchunguza rushwa. Ripoti ilitoka mwishoni mwa mwaka huo na hadi leo inaitwa kwa jina lake. Ilitenganisha rushwa mbili. Ipo ya mtu wa kipato kidogo anayepokea ili afikishe mwezi, na ipo ya mkubwa asiye na shida yoyote anayepokea kwa uroho tu. Ilieleza waziwazi jinsi ugonjwa ulivyoingia polisi, mahakamani, hospitalini, shuleni na katika ofisi za ardhi, na ikasema viongozi wa juu wasipokuwa safi hakuna sheria itakayosafisha walio chini.

Tukiisoma ripoti ile tunamkumbuka Yethro, mkwe wa Musa. Katika kitabu cha Kutoka, mzee huyo wa Midiani alimkuta Musa akihukumu watu kutwa nzima, akamshauri ateue wasaidizi, na mojawapo ya sifa alizozitaka ni kwamba wawe watu wanaochukia faida ya udhalimu. Yethro hakupiga kelele. Aliangalia kazi inavyokwenda, akaona inapovunjika, akasema. Musa alisikia. Kwetu ripoti ilipokelewa kwa heshima, mkakati wa taifa wa kupambana na rushwa ukaandaliwa, na mwaka 2007 ikatungwa sheria mpya iliyoipa taasisi jina la TAKUKURU. Kama wakubwa waliotajwa kwa vyeo walichukia faida ya udhalimu baada ya hapo, msomaji ameishi katika nchi hii, anaweza kujibu mwenyewe.

Sasa tunafika kwenye jambo lililotufanya tuandike.

Aprili 2012 Rais Jakaya Kikwete aliunda Tume ya Mabadiliko ya Katiba na kumteua Warioba mwenyekiti. Makamu wake alikuwa Augustino Ramadhani, Jaji Mkuu mstaafu, Mzanzibari, mtu wa kanisa ambaye hatimaye alipewa daraja la upadri katika Kanisa Anglikana na ambaye Bwana alimwita mwaka 2020. Wajumbe walitoka sawasawa Bara na Zanzibar, Waislamu na Wakristo, wa CCM na wa upinzani. Walikuwamo Dk. Salim Ahmed Salim, aliyemtangulia Warioba katika uwaziri mkuu, na Joseph Butiku wa Taasisi ya Mwalimu Nyerere. Alikuwamo pia Dk. Sengondo Mvungi wa NCCR-Mageuzi, ambaye Novemba 2013 alivamiwa na majambazi nyumbani kwake na akafariki kabla kazi haijakamilika.

Tume ilizunguka nchi nzima. Watu zaidi ya milioni moja walihudhuria mikutano yake na zaidi ya laki tatu walitoa maoni, kwa mdomo au kwa maandishi. Wazee wa Kikurya wanauelewa utaratibu huo bila kufundishwa, kwa kuwa ndivyo ritongo linavyopaswa kuwa: watu hukaa mahali pa wazi, kila mwenye neno hulisema, na wazee hawatoi uamuzi hadi maneno yamekwisha. Mwenyekiti akikatiza watu kwa sababu hapendi wanachosema, hilo si ritongo tena.

Na watu walisema mambo ambayo wakubwa hawakuyatarajia. Katika waliozungumzia muundo wa Muungano, upande wa Bara karibu asilimia 61 walitaka serikali tatu: ya Tanganyika, ya Zanzibar na ya Muungano. Upande wa Zanzibar karibu asilimia 60 walitaka muungano wa mkataba, na wengi kati ya waliobaki walitaka mbili zilizopo.

Msimamo wa CCM ulijulikana: serikali mbili. Mwalimu Nyerere mwenyewe, wabunge 55 walipodai Serikali ya Tanganyika mwaka 1993, alipinga kwa nguvu zake zote na kuandika kitabu kizima juu ya hatari hiyo. Warioba alikuwa mwana CCM. Alikuwa, kisiasa, mtoto wa Mwalimu, na wa mkoa mmoja naye. Njia rahisi ilikuwa kuandika kwamba maoni ni mengi na yanatofautiana, kwa hiyo tubaki tulipo. Hakuna ambaye angemlaumu, na huo ndio uvuguvugu hasa.

Rasimu ya kwanza ilipotoka Juni 2013, na ya pili ilipokabidhiwa kwa Rais Kikwete na Rais Ali Mohamed Shein mwishoni mwa Desemba, zote mbili zilisema serikali tatu. Zilisema na mengine. Mawaziri wasitoke bungeni na idadi yao isizidi 15. Mbunge asikae zaidi ya vipindi vitatu, na wananchi wawe na uwezo wa kumrudisha nyumbani kabla ya muda wake. Kiongozi akipewa zawadi kwa sababu ya cheo, iwe mali ya umma. Na katika tunu za taifa yaliandikwa maneno ambayo yangeweza kutoka kwenye mimbari yoyote: utu, uzalendo, uadilifu, umoja, uwazi, uwajibikaji, na lugha ya taifa.

Bunge Maalumu la Katiba lilikutana Dodoma mwaka 2014 likiwa na wajumbe zaidi ya 600. Machi 18 Warioba alisimama mbele yao na kueleza kila jambo lilitoka wapi. Alieleza kwamba Zanzibar, kwa mabadiliko ya katiba yake ya mwaka 2010, ilikwisha kujitaja kuwa nchi, na kwamba serikali mbili za mwaka 1964 si zile zilizopo sasa. Siku tatu baadaye Rais Kikwete alilihutubia Bunge hilo, na haki inatutaka tuitaje hoja yake pia, kwa maana haikuwa ya kipuuzi. Alisema waliozungumzia muundo wa Muungano walikuwa sehemu ndogo, kama asilimia 13 tu ya wote waliotoa maoni. Kwamba serikali ya tatu itakuwa na gharama. Kwamba serikali ya Muungano isiyo na ardhi wala vyanzo vyake vya mapato vya kutosha inaweza kushindwa hata kulipa jeshi. Mkristo mwaminifu anaweza kukubaliana na Rais katika hilo. Kati yetu tunaoandika, wapo wanaokubaliana naye mpaka leo, na tulibishana kwa muda mrefu juu ya aya hii kuliko nyingine zote.

Yaliyofuata ndiyo yaliyotuhuzunisha sote. Tume ilikuwa imekwisha kuvunjwa, hivyo wazee wale hawakuwa na nafasi ya kujibu ndani ya ukumbi. Wajumbe walisimama mmoja baada ya mwingine, na wengine, badala ya kujibu hoja, walimshambulia mzee mwenyewe kwa maneno ya kejeli. Aprili 16 wajumbe wa upinzani waliojiita UKAWA walitoka nje na hawakurudi. Waliobaki waliendelea, na Oktoba 2 walipitisha Katiba Inayopendekezwa yenye serikali mbili. Uadilifu, uwazi na uwajibikaji viliondolewa kwenye orodha ya tunu za taifa. Warioba alisema hadharani kwamba kilichopitishwa si kile wananchi walichokisema. Hakuhama chama. Hakuunda chama. Alikuwa anarudia jambo moja tu, kwa sauti ile ile ya mtu anayekagua hesabu: haya maoni si yangu, ni ya watu, nendeni mkayasome.

Jumapili ya Novemba 2, 2014, Taasisi ya Mwalimu Nyerere iliandaa mdahalo katika ukumbi wa Ubungo Plaza, Dar es Salaam. Warioba alikuwa akizungumza. Kundi la vijana likasimama na mabango, likaanza kupiga kelele, viti vikarushwa, mdahalo ukavunjika. Ilibidi mzee wa miaka 74, Waziri Mkuu mstaafu, atolewe ukumbini akiwa amezungukwa na watu wa kumkinga.

Sisi tunaotoka katika makabila ambayo kijana humpisha mzee njiani, tunaijua aibu ya jambo hilo. Baadhi ya washirika walituuliza wakati ule: kiasi chake kimemfaidi nini? Katiba hakuipata. Heshima karibu wamnyang'anye. Angekuwa mkali, akahamia upinzani, akapanda majukwaani kama wengine, labda leo tungekuwa na kitu.

Labda. Lakini katika kitabu cha kwanza cha Wafalme kuna habari za Rehoboamu, mwana wa Sulemani, ambaye watu wa makabila ya kaskazini walimwendea wakilalamika juu ya nira nzito. Wazee waliomtumikia baba yake walimpa ushauri wa kiasi, kwamba awasikilize na kuwajibu kwa upole. Vijana aliokua nao wakamshauri awajibu kwa ukali. Aliwafuata vijana, na ufalme ukagawanyika. Hatusemi Tanzania ni Israeli wala kwamba Muungano wetu utavunjika, tunauombea udumu. Tunachokiona katika habari ile ni kwamba Biblia haikuuhesabu ushauri wa wazee wale kuwa upuuzi kwa sababu ulikataliwa. Umeandikwa, na umesomwa kwa vizazi vyote. Gamalieli naye, mwalimu wa torati, aliposimama katika baraza lililotaka kuwaua mitume, hakuacha kuwa Farisayo na hakujiunga na mitume. Aliwatoa nje kwa muda kidogo, akawaomba wenzake wajizuie. Baraza lilimkubali nusu nusu tu, maana mitume walichapwa kabla ya kuachiwa. Lakini waliachiwa.

Walio vuguvugu, tukiangalia vizuri, hawana jambo la kukataa. Ukiwabadilishia upepo, wanageuka nao. Warioba aliingia katika Tume akiwa na chama, na marafiki, na jina la Mwalimu nyuma yake, na vyote vitatu vilivuta upande mmoja. Maoni ya watu yakavuta upande mwingine. Alichofanya ni kuyaandika kama alivyoyasikia. Ukali hauhitajiki kwa kazi hiyo. Kinachohitajika ni mtu aliyejizuia vya kutosha asiweke sauti yake mahali pa sauti za waliomtuma, na tunaamini hicho ndicho kiasi alichokitaja Paulo, kikifanya kazi katika chumba chenye mafaili badala ya karamu yenye mvinyo.

Tunajiuliza hivyo kwa ajili yetu wenyewe. Wapo katika usharika huu wanaokaa kwenye mabaraza ya ardhi, kamati za shule na mikutano ya ukoo. Wanapewa maneno ya watu wayapeleke mbele. Mara ngapi tumeyabadilisha njiani, kidogo tu, yafanane na anavyotaka shemeji yetu au diwani wetu?

Kura ya maoni juu ya Katiba Inayopendekezwa ilipangwa Aprili 30, 2015. Iliahirishwa kwa kuwa uandikishaji wa wapiga kura haukuwa umekamilika, na haijafanyika. Rais John Magufuli baadaye alimteua Warioba kuwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, naye hata baada ya kupita umri wa miaka 80 ameendelea kualikwa kwenye mikutano na kuulizwa juu ya Katiba mpya. Anajibu kama alivyojibu mwaka 2014. Nchi inaendelea na Katiba ya 1977, ile iliyopitishwa alipokuwa Mwanasheria Mkuu kijana, na Rasimu ya Tume ipo, imechapwa, kwa Kiswahili chepesi ambacho mtu aliyemaliza darasa la saba anaweza kukisoma. Tumepata nakala moja, nayo inazunguka hapa Nyarero kutoka nyumba hadi nyumba. Kwa sasa iko kwa kikundi cha kina mama, wamefika ibara ya haki za ardhi, na wamesema hawairudishi hadi wamalize.